Debe, Gunia na Neno "Thabiti"

Shuleni tulikariri kwamba thabiti ni kiasi kisichobadilika popote wala wakati wowote. Katika insha hii ninaihoji fasili hiyo, nikianzia kwetu Kabatoro, ambako chumvi ya Ziwa Katwe huuzwa kwa gunia.

Tuanze na mvutano wa dunia. London ni 9.81 m/s², kwetu, karibu na ikweta, ni takriban 9.78. Mizani ya springi iliyorekebishwa London ikiletwa Kabatoro itasoma kilo 100 za chumvi kuwa kama kilo 99.7. Chumvi haikupungua hata punje, lakini muuzaji amepunjwa. Mtetezi wa fasili atasema mvutano huo si thabiti ya msingi, na hapo nakubaliana naye.

Basi tuchukue ya msingi. Tangu Mei 20, 2019, kilo haitegemei tena kipande cha metali kilichohifadhiwa karibu na Paris. Inatokana na thabiti ya Planck, ambayo thamani yake imewekwa kwa makubaliano. Hapo ndipo fasili inapokwama, kwa sababu kipimo kilichozaliwa na namba hakiwezi kutuonyesha namba hiyo ikibadilika. Debe na gunia vikipungua kwa kadiri ileile, gunia litajaa kwa madebe yaleyale, na idadi hiyo haitatuambia lolote. Idadi yenyewe ikibadilika, hapo tutajua. Kinachopimika, basi, ni uwiano.

Wanafizikia nao huchunguza uwiano. Mmojawapo, takriban 1/137, hueleza nguvu ya umeme na sumaku kati ya chembe ndogo. Ushahidi mmoja mzuri umetoka Afrika. Mwaka 1972 iligunduliwa kwamba urani ya Oklo, Gabon, iliwahi kufanya kazi kama tanuri la nyuklia, takriban miaka bilioni 2 iliyopita. Masalia yake yanaonyesha kwamba uwiano huo, kama umebadilika tangu hapo, haujazidi takriban sehemu moja katika milioni kumi.

Kwa hiyo napendekeza tuseme hivi: thabiti ni kiasi ambacho, kwa vipimo tulivyonavyo, bado hatujakiona kikibadilika. Fasili hii inatulazimu kuuliza kimelinganishwa na nini. Nyumbani nimewaona wachimba chumvi wakilitandaza gunia la mnunuzi mgeni juu ya gunia lao kabla ya kukubali bei. Hawakuwa wamesoma fizikia, lakini swali walilijua.