Masika Isiyo Yetu: Uhakiki wa Istilahi za Jiografia katika Madarasa ya Kolwezi

1.0 Utangulizi

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kifaransa ndicho lugha rasmi, nacho Kiswahili ni mojawapo ya lugha 4 za taifa. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazipa lugha hizo nafasi shuleni. Hata hivyo, katika darasa la 7 na la 8, yaani miaka 2 ya kwanza ya sekondari, somo la jiografia bado hufundishwa kwa Kifaransa. Lakini yeyote aliyepata kukaa nyuma ya darasa mjini Kolwezi anajua kwamba sentensi ikishaandikwa ubaoni, mwalimu hugeuka na kuifafanua kwa Kiswahili. Ufafanuzi huo haumo katika daftari wala haukaguliwi na mtu. Pamoja na hayo, mara nyingi ndio unaobaki kichwani mwa mwanafunzi.

Makala haya yanahakiki istilahi zinazotumika katika ufafanuzi huo. Hoja yetu ni kwamba istilahi haistahili kupokelewa kwa sababu tu ni sanifu. Sharti kwanza ipimwe kwa kitu ambacho mwanafunzi wa Lualaba anakiona kwa macho yake.

2.0 Istilahi za majira

Mwalimu anayetafuta msaada katika vitabu vya Afrika Mashariki hukutana na masika, vuli, kipupwe na kiangazi. Istilahi hizi ni nzuri, ila zimezaliwa pwani. Huko masika ni mvua kubwa za Machi hadi Mei, na vuli ni mvua ndogo za mwisho wa mwaka. Kolwezi, iliyoko katika nyanda za juu, ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia takriban Oktoba hadi Aprili. Mwezi wa Mei, wakati masika ya pwani haijakwisha, hapa vumbi limekwisha kuanza kutimka barabarani. Aidha, kiangazi cha pwani ni wakati wa jua kali, ilhali kiangazi cha Katanga kina Juni na Julai, miezi ambayo mwanafunzi huja shuleni asubuhi akitetemeka kwa baridi.

Mwanafunzi anayekariri kwamba mwaka una misimu 2 ya mvua amejifunza jiografia ya watu wengine. Suluhisho haliko mbali. Mamlaka ya hali ya hewa ya Tanzania, inapozungumzia mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, hutumia istilahi "mvua za msimu". Istilahi hiyo inatufaa bila marekebisho yoyote.

Hatusemi kwamba kila neno la pwani lina dosari. Kaskazini na kusini ni maneno yenye uhusiano na pepo za kaskazi na kusi, ambazo hazimhusu mtu wa Kolwezi. Lakini asili hiyo imekwisha kufifia, na maneno yenyewe yanaelekeza pale pale popote yanapotumika. Kasoro haimo katika asili ya neno. Imo katika neno linaloleta maudhui yasiyolingana na mahali.

3.0 Kipimo cha ramani

Mfano wa pili una uzito zaidi. Kifaransa husema échelle, neno ambalo pia ni ngazi ya kupandia. Mwalimu akilitafsiri neno kwa neno, mwanafunzi hubaki akitafuta ngazi katika ramani. Vitabu vya Tanzania husema "skeli", neno lililotokana na Kiingereza, ambalo halimwambii chochote mtoto aliyekulia katika Kifaransa. Twapendekeza "kipimo cha ramani", kwa kuwa linajieleza lenyewe.

Jambo hili si la darasani tu. Mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya makazi katika mtaa wa Kasulo, na wakazi wakachimba ndani ya viwanja vyao. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa huo ilitengwa kwa uchimbaji na kaya zake zikahamishwa. Katika ramani ya kipimo cha 1:2 000, sentimita 1 ni mita 20. Mstari ukisogea sentimita hiyo moja, nyumba huingia mpakani au hubaki nje. Katika kaya nyingi, anayeombwa kusoma karatasi ya namna hiyo ni mtoto aliye sekondari. Iwapo alikariri fasili asiielewe, wazee wake watatia saini wasichokijua.

4.0 Ziwa na bwawa

Neno "bwawa" katika Kiswahili sanifu hutaja mara maji yaliyozuiwa, mara ukuta unaoyazuia. Kwa Ziwa Nzilo, ambalo ni maji ya Lualaba yaliyozuiwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya umeme wa migodi, mkanganyiko huo ni hasara. Mwanafunzi anahitaji kutenganisha mto, ukuta na maji, ndipo aeleze kwa nini ziwa hilo halikuumbwa na maumbile. Hapa afadhali kusema "ukuta wa bwawa" na "ziwa la bwawa".

5.0 Hitimisho

Wapo watakaosema kwamba Mtihani wa Taifa hufanywa kwa Kifaransa, hivyo ufafanuzi wa Kiswahili ni kupoteza wakati. Twajibu kwamba ufafanuzi huo upo tayari, na kilichobaki ni kuchagua kama utakuwa sahihi au la. Wapo pia watakaohofu kwamba kuchuja istilahi za pwani ni kuvunja umoja wa lugha. Umoja wa lugha haudhuriki istilahi inapolingana na nchi inayoelezwa. Hudhurika pale mzungumzaji anapoona kwamba lugha yake haina jina la mvua inayomnyeshea.

Twapendekeza basi walimu wa jiografia na wa lugha katika shule za Kolwezi waandae pamoja orodha fupi ya istilahi, Kifaransa upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, kila moja ikiambatana na mfano wa hapa hapa. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, ila inahitaji kuacha kukionea haya Kiswahili cha Katanga mbele ya ubao.