Jembe la Rutamba

Ukishuka kusini kutoka Kilwa Kisiwani, bara ya Lindi mjini kuna Rutamba. Vita vya ukombozi vya Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, watu walivuka Mto Ruvuma na watoto mgongoni, na baadhi yao wakafikia Rutamba. Mwaka huohuo TCRS, shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, lilianzishwa chini ya Fungamano la Kilutheri Duniani.

Nawapongeza TCRS hasa kwa hili: hawakuishia kwenye uji na blanketi. Serikali ya Tanzania ilitoa ardhi, Umoja wa Mataifa ukachangia fedha, TCRS wakasimamia kazi mashambani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na Rutamba jembe lilitolewa kweli, pamoja na mbegu, kwa Mkristo na Mwislamu sawasawa. Mkimbizi akavuna mihogo yake mwenyewe, akailisha familia yake.