Kipuri Sahihi na Ushahidi wa Historia: Uhakiki wa Ukarabati wa Magari ya Deraya ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia

Utangulizi

Katika karakana zinazokarabati magari ya deraya ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, sifa ya juu kabisa ambayo kipuri huweza kupewa ni kwamba ni "sahihi". Neno hilo hutumiwa kana kwamba maana yake ni moja, ilhali hubeba walau maana tatu. Kwanza, kipuri sahihi huweza kuwa kile kile kilichofungwa katika gari husika lilipokuwa vitani. Pili, huweza kuwa kipuri cha aina ile ile na cha kipindi kile kile, kilichotolewa katika gari jingine. Tatu, huweza kuwa kipuri kilichosubiwa au kuchongwa upya kwa kufuata vipimo vya kiwandani. Mtazamaji huenda asione tofauti yoyote. Kwa mtafiti wa historia, hata hivyo, kipuri cha kwanza ni shahidi, cha pili ni shahidi wa gari jingine, na cha tatu ni maelezo ya mkarabati. Makala haya yanajenga hoja kwamba kuchanganya maana hizi ndiyo kasoro kuu ya ukarabati wa aina hii, na kwamba kasoro hiyo hudhuru ushahidi kuliko kutu inavyoweza kudhuru.

Msingi wa Kinadharia

Uhakiki huu unaongozwa na Mkataba wa Venice wa mwaka 1964. Mkataba huo ulitungwa kwa ajili ya majengo na maeneo ya kihistoria, lakini kanuni zake zinahusu kila kitu kinachokarabatiwa kwa jina la historia. Kifungu cha 9 kinataka ukarabati ukome pale dhana inapoanza. Kifungu cha 11 kinataka michango halali ya vipindi vyote iheshimiwe, kwa kuwa kurejesha sura ya kipindi kimoja si lengo la ukarabati. Kifungu cha 12 kinataka sehemu zilizojaziwa zilingane na kitu kizima, lakini ziweze kutofautishwa na zile za asili.

Kanuni hizi si ngeni kwa taaluma ya Kiswahili. Mhariri wa mswada wa utenzi ulioandikwa kwa hati ya Kiarabu anapokuta mishororo iliyoliwa na mchwa, huweza kuijazia kutoka katika nakala nyingine ya utenzi huo huo, au kwa kukisia kutokana na vina na mizani. Njia zote mbili zinakubalika endapo msomaji ataonyeshwa mahali mkono wa mhariri ulipopita. Akiuficha, hata mshororo mzuri kabisa hugeuka kuwa ushahidi wa uongo. Mkarabati wa kifaru naye ni mhariri: matini yake ni chuma, na mapengo yake ni vipuri vilivyopotea.

Tiger 131: Injini ya Kuazima

Mfano wenye manufaa zaidi ni kifaru cha Kijerumani kijulikanacho kama Tiger 131, kilichomo katika Makumbusho ya Vifaru ya Bovington, Uingereza. Kifaru hiki kilitekwa na majeshi ya Uingereza nchini Tunisia mnamo Aprili 1943, kikafikishwa Makumbusho mwaka 1951. Mwaka 1990 kiliondolewa katika maonyesho na kufunguliwa karibu chote ili kikarabatiwe. Kilirejea Desemba 2003 kikiwa kinatembea kwa nguvu ya injini yake, na kazi zaidi pamoja na upakaji rangi zikakamilika mwaka 2012.

Usemi "injini yake" ndio unaohitaji kuhakikiwa. Vifaru 250 vya mwanzo vya aina ya Tiger vilifungwa injini ya Maybach HL 210, yenye ujazo wa lita 21 na bloku ya alumini. Vilivyofuata vilifungwa HL 230, yenye lita 23 na bloku ya chuma cha kusubu. Tiger 131 ni cha kundi la kwanza, lakini injini yake ya HL 210 ilikuwa imekatwa ili sehemu zake za ndani zionekane katika maonyesho. Wakarabati wakachukua HL 230 ya kifaru cha Tiger II kilichomo katika Makumbusho hayo hayo. Kwa hiyo kipuri hicho ni cha vita ile ile na cha kiwanda kile kile, lakini si cha gari lile wala si cha toleo lile.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Hapa nguo imesitiri vizuri mno, na humo ndimo tatizo lilimo. Mgeni anayesikia mngurumo wa Tiger 131 huamini kwamba anasikia sauti iliyosikika Tunisia mwaka 1943. Anachosikia ni injini ya toleo jingine, iliyotolewa katika kifaru cha aina nyingine ambacho sasa kimenyamaza. Uamuzi mmoja umegusa turathi mbili.

Haki inadai isemwe pia kwamba kubadilisha injini ni jambo linaloweza kutenguliwa: bolti zilizofungwa huweza kufunguliwa. Kitendo kisichotengulika ni kile cha awali cha kuikata HL 210, nacho hakikufanywa kwa ajili ya ukarabati bali kwa nia njema ya kuelimisha. Aidha, katika chumba cha injini kiliongezwa kifaa cha kisasa cha kuzima moto. Kwa kipimo cha karakana, kifaa hicho ndicho kisicho sahihi kuliko vyote. Kwa kipimo cha Kifungu cha 12, ndicho kiaminifu kuliko vyote, kwa kuwa hakuna anayeweza kukidhania kuwa cha mwaka 1943.

Umuhimu wa jambo hili unaonekana katika historia ya kutekwa kwa kifaru chenyewe. Kwa muda mrefu ilielezwa kwamba kilitekwa Djebel Djaffa tarehe 21 Aprili 1943. Utafiti wa baadaye ulielekeza Gueriat el Atach, tarehe 24 Aprili. Katika mgogoro wa namna hii, kovu lililoachwa na kombora juu ya bamba la chuma huwa na uzito sawa na hati. Mkarabati anayejaza kovu hilo na kulipaka rangi huwa amefuta mstari wa ushahidi kabla haujasomwa.

Marmon-Herrington: Gari Lisilo na Asili Moja

Dhana ya kipuri sahihi hudhoofika zaidi katika magari ya deraya ya Marmon-Herrington yaliyoundwa Afrika Kusini. Magari hayo yalijengwa juu ya chasisi za malori ya Ford, yakapewa mabamba ya chuma ya Afrika Kusini, na kuanzia toleo la pili yakafungwa mitambo ya kuendesha magurudumu yote manne iliyotoka kampuni ya Marmon-Herrington ya Marekani. Yalitumika katika kampeni ya Afrika Mashariki ya mwaka 1940 na 1941, vikosi vilipotoka Kenya kuelekea Somalia na Ethiopia, na pia katika jangwa la Afrika Kaskazini. Huko jangwani askari waling'oa silaha hafifu za kiwandani na kufunga mizinga waliyoiteka kwa Waitaliano na Wajerumani.

Mkarabati anayelirejesha gari la jangwani katika hali ya kiwandani hulisahihisha dhidi ya historia yake. Mzinga wa Breda wa milimita 20 haumo katika orodha yoyote ya vipuri vya gari hilo, lakini kwa gari lililopigana nao ndio sahihi, na Kifungu cha 11 kinaulinda. Tundu lililotobolewa na fundi wa jeshi ili kuufunga mzinga huo lina thamani kuliko bamba jipya lisilo na doa.

Hoja Kinzani

Yapo madai kwamba mashine isiyotembea ni maiti, na kwamba mwendo, joto na sauti ni maarifa ambayo hati haziwezi kuyatoa. Dai hilo lina nguvu. Namna magurudumu ya Tiger yanavyopishana, na jinsi uzito wa takribani tani 57 unavyolielemea giaboksi, hueleweka vyema zaidi mashine inapotembea. Hata hivyo, dai hilo hutetea kutembea. Halitetei kuficha kinachoitembeza. Mashine huweza kutembea kwa kipuri kipya kilichogongwa alama na mwaka, nayo isipoteze hata chembe ya maarifa hayo.

Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba usahihi wa kipuri haupimwi kwa kufanana peke yake, bali kwa uaminifu wa taarifa inayoandamana nacho. Kutokana na hilo, ukarabati unaostahili kuitwa wa kihistoria hauna budi kutimiza masharti manne: kila kipuri kiwe na kumbukumbu ya kilikotoka; kila kipuri kipya kigongwe alama; kila kinachong'olewa kihifadhiwe, hata kikiwa kibovu; na mabadiliko yaliyofanywa vitani yasihesabiwe kuwa makosa. Magari haya yamebaki machache, na kila moja hufunguliwa kwa mara ya kwanza mara moja tu. Kisichoandikwa siku hiyo hakiwezi kusomwa tena katika chuma kilichokwisha kusuguliwa na kupakwa rangi.