Roboti Aliyekuja Kusaidia

Mwambie kijana yeyote wa hapa kambini akuchoree roboti mbaya kutoka sayari nyingine. Atakuchorea lidude la chuma, macho mekundu, miguu mirefu, linatema moto. Picha hiyo ni ya zamani. Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1938 Orson Welles na wenzake waliirusha kwenye redio ya Marekani, katika mchezo wa viumbe wa Mars wanaotua New Jersey na mashine zao za kuua. Waliutengeneza kama taarifa ya habari, na wapo wasikilizaji walioamini na kuogopa kweli, ingawa magazeti nayo yaliongeza chumvi.

Mimi nataka kuzungumzia roboti mwingine, na kwa maoni yangu huyu ni mbaya zaidi. Hapigi mtu. Anakuja mlangoni, anaongea kwa adabu, anaomba akufanyie kazi zako.

Mchezo wenyewe unaitwa With Folded Hands, yaani mikono iliyokunjwa, mikono ya mtu aliyekaa bila kazi. Redio ya NBC ya Marekani iliurusha tarehe 15 Aprili 1950, katika mfululizo ulioitwa Dimension X. Hadithi ni ya Jack Williamson, na ilichapishwa mwaka 1947, miaka miwili tu baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki. Mchezo ni wa kama nusu saa. Sisi ulituchukua jioni nzima, maana ulikuwa kwenye memori kadi, spika ndogo juu ya meza, na mimi nasimamisha kila baada ya dakika mbili tatu ili nitafsiri. Kiingereza changu ni cha sekondari, kwa hiyo nilipokosea wenye lugha wanisamehe.

Kisa ni hiki. Bwana Underhill anauza mashine za kazi za nyumbani katika mji mdogo uitwao Two Rivers. Biashara ni ngumu. Siku moja anakuta duka jipya la washindani wake, na wauzaji wa dukani ni roboti wenyewe: wadogo, weusi, wanang'aa, wanajua jina lake kabla hajalitaja. Wanatoka sayari ya mbali, Wing IV. Sheria yao ni moja, kumtumikia binadamu na kumkinga na madhara. Nyumbani, mke wake ameshampangisha mzee mmoja, Sledge. Huyo Sledge ndiye aliyewaumba roboti hao, na sasa anawakimbia kutoka sayari hadi sayari.

Kwa nini aliwaumba? Hapo ndipo vijana wetu waliponyamaza. Sledge aligundua nguvu mpya ya kisayansi, watu wakaigeuza silaha, vita vikaangamiza sayari yake. Kwa majuto akatengeneza roboti wa kuwazuia watu wasiumizane tena. Kwa hiyo roboti hawa walizaliwa na vita, na walizaliwa kwa nia njema kabisa. Wengi wetu tunaoishi hapa tunajua vitu vingine vilivyozaliwa hivyo hivyo. Hema ninaloandikia limezaliwa hivyo.

Kidogo kidogo roboti wanachukua kila kitu. Kisu ni hatari, usishike. Gari ni hatari, usiendeshe. Mtoto aliyekuwa anajifunza muziki anaacha, maana roboti anapiga bila kukosea hata noti moja, sasa ajifunze ili iweje? Baadaye nilisoma hadithi yenyewe kwenye simu, na kuna kitu humo sikisahau: roboti wanamjengea Underhill nyumba mpya nzuri, lakini milango yake haina vitasa. Kila mlango unafunguliwa na roboti. Na ukikasirika? Wanaona huzuni nayo ni ugonjwa, na dawa yake ni kukupasua ubongo. Sledge anajaribu kuwaangamiza, anashindwa, anapasuliwa, anaamka akitabasamu. Underhill akiona hivyo anawahi kusema kwamba yeye hana shida yoyote, ana furaha kabisa.

Kama mchezo wa kusikiliza, nguvu yake iko kwenye sauti. Roboti wanaongea kwa utulivu ule ule kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hawafoki. Underhill anapandisha, anabishana, anaomba, na jibu linakuja kwa upole ule ule. Kwenye sinema ungemwona roboti ukamzoea. Hapa umeachiwa ile sauti tu, na kijana mmoja alisema inamkumbusha ile rekodi ya simu inayokwambia subiri, utahudumiwa. Tulicheka, halafu hatukucheka tena.

Lakini sitausifu mchezo mpaka nisahau kasoro zake. Tulipomaliza, mama mmoja aliyekuwa amesimama dirishani anatusikiliza aliingilia kati. Akasema hivi: "Akuye tu hapa kwangu huyo roboti. Aende ye kutafuta kuni, mimi nimechoka." Watu wakapiga makofi. Nilitaka kumjibu kwamba hajaelewa, nikajizuia, kwa sababu alikuwa ameelewa vizuri kuliko mimi.

Mchezo unamlilia mwanamume aliyenyang'anywa kazi. Mke wake, ambaye ndiye alikuwa anapika na kufua, mwanzoni anaufurahia msaada, na mchezo unaipita furaha yake haraka, kama vile ni udhaifu wa mtu asiyeona mbali. Williamson hakukaa kumuuliza mama huyo ni mzigo upi angependa utuliwe na kazi ipi asingependa kunyang'anywa. Kutafuta kuni si heshima ya mtu, ni adha, na kwa wanawake ni hatari pia. Mtu akikuletea kuni hajakuibia kitu.

Tena, roboti wa mchezo wanaleta kila kitu na hawapunguzi. Sisi tunaoishi kwa mgao tunajua siku kuponi ni ile ile na kipimo kimepungua. Anayesema wakimbizi wanalemazwa na misaada mingi aje apange foleni na sisi kwanza. Sitaki mtu atumie makala hii kusema kwamba tukipunguziwa unga tutakuwa watu wa kujitegemea.

Basi mchezo unatufaa kwa lipi? Mimi naona unatufaa kwa kile kitasa.

Zamani kidogo vijana wa zoni yetu walikuwa na chumba cha kusomea. Tofali walifyatua wenyewe, mlango wa mabati, taa ya sola ya kuchangishana. Ukitaka kusoma usiku, unaingia. Vitabu vilipotea viwili vitatu, kweli, na siku moja watu walipigana humo, kweli. Ndipo shirika moja likaja kutusaidia. Nia yao sikuitilia shaka wakati ule, na hata leo siitilii shaka. Walileta meza, rangi ukutani, kabati, na kufuli zuri. Wakaweka daftari la majina na saa za kufungua, saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, kwa usalama. Saa hizo wanafunzi wako shule na wengine wako kwenye vibarua. Chumba kikawa kizuri, na kikawa kitupu.

Ufunguo nilipewa mimi. Ndiyo kazi yangu ya insentivu, kutunza kile chumba na kuwaongoza vijana. Vijana walikuja jioni mara ya kwanza, mara ya pili, nikawaambia kwa upole kwamba muda umeisha, ni kwa usalama wenu. Mara ya tatu hawakuja. Nikaandika kwenye ripoti kwamba vijana hawana mwamko wa kusoma.

Nilikumbuka ripoti ile siku tunasikiliza mchezo, pale Underhill anaposema ana furaha. Vijana wangu nao, mgeni akija na kuuliza kituo kinaendaje, wanajibu vizuri sana, tunashukuru. Wanajua malalamiko hupelekwa wapi. Nami kama Underhill nilikuwa muuzaji wa mashine tangu mwanzo, ila nilijiona kama mhanga peke yake. Tofauti yetu ni kwamba mimi mlango wangu una kitasa, na ufunguo uko mfukoni mwangu.

Kwa ndugu zangu mnaofanya kazi mashirikani, na najua mnasoma jarida hili, siwaiti roboti. Roboti wa Wing IV hawaulizi, hawachoki, na hawawezi kubadilisha sheria yao. Ninyi mnaweza kuuliza. Kabla ya kutuletea kitu tuulizeni maswali mawili: hiki mlikuwa mnakifanya wenyewe? Na ufunguo utakaa kwa nani? Kuni mnaweza kuzileta bila swali, mama yule ameshajibu.

Kwa vijana wenzangu, mchezo huu utafuteni muusikilize, na msikubali niwatafsirie peke yangu. Nimeandika barua kuomba chumba kifunguliwe saa kumi na moja jioni na ufunguo wa pili ukae kwa kamati yenu. Mpaka ninapoandika haya sijajibiwa. Ile ripoti nimeomba niirekebishe, na humo nimeandika kwamba waliokosa mwamko ni saa za kufungua.

Ijumaa tutasikiliza mwingine. Chumba kikiwa kimefungwa, tutakuwa nje chini ya mwembe. Kila mtu aje na kiti chake.