Uamuzi na Majaliwa katika Conundrum ya Jan Morris

Tawasifu nyingi hutusimulia yaliyompata mwandishi. Ni chache zinazotuonyesha jinsi alivyoamua. Conundrum, kitabu kilichotolewa mwaka 1974, chafaa kuhesabiwa miongoni mwa hizo chache, ijapokuwa simulizi lenyewe mara nyingi lauficha uamuzi huo. Humo Jan Morris, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1926 na kupewa jina la James, aeleza jinsi alivyotoka katika maisha ya kiume na kuingia katika maisha ya kike kwa msaada wa dawa na upasuaji. Makala haya hayakusudii kumhukumu Morris, wala kumpangia mtu mwingine la kutenda. Swali letu ni hili: je, kitabu hiki chamfaa kwa kiasi gani msomaji ambaye naye ajiuliza kama tiba ya namna hiyo ni yake?

Mwandishi aanza na kumbukumbu ya utotoni. Akiwa na umri wa miaka mitatu au minne, ameketi chini ya piano anayoipiga mama yake, atambua kwamba yeye kwa hakika ni msichana. Baadaye, akiwa mwanakwaya mtoto huko Oxford, aomba kimoyomoyo Mungu amgeuze. Kifani, mwanzo huu una nguvu, kwani waifunga hadithi nzima kwa uzi mmoja. Kimaudhui, hata hivyo, una hatari yake. Mambo yanayofuata yaonekana kuwa majaliwa, kana kwamba hapakuwa na njia panda. Msomaji asiye na kumbukumbu kama hiyo aweza kudhani kwamba hana haki ya kujiuliza; na aliye nayo aweza kudhani kwamba jibu limekwisha kutolewa. Yote mawili si kweli.

Utajiri wa kitabu umo katika sura za kati. Morris alitumikia jeshi, akamwoa Elizabeth mwaka 1949, wakazaa watoto watano, na mwaka 1953 akapeleka kwa gazeti la The Times habari za kupandwa kwa mlima Everest. Alianza kutumia homoni mwaka 1964, lakini upasuaji wenyewe ulifanywa mwaka 1972, huko Casablanca, na daktari Georges Burou. Kati ya hatua hizo mbili imepita miaka minane. Katika muda huo mwili ulibadilika polepole, naye akapata kuishi kama mwanamke mjini Oxford kabla ya kupasuliwa. Hata mahali pa upasuaji palitokana na uamuzi: madaktari wa Uingereza walimtaka kwanza ampe Elizabeth talaka, naye wakati huo hakukubali kulazimishwa.

Basi hapa hapana uamuzi mmoja, bali pana mfululizo wa maamuzi, na kila mmoja una uzito wake. Dawa zaweza kusimamishwa, ingawa si kila lililoletwa nazo hurudi lilivyokuwa, upasuaji hautanguliki. Kuyatenganisha mambo haya, na kujipa muda wa kuliishi moja kabla ya kulikabili jingine, ndilo funzo kubwa la kitabu, japo mwandishi halitangazi.

Udhaifu wake wajitokeza mwishoni, anapoueleza uke kwa mambo ya juujuu, kama vile kufurahia kubebewa mizigo na kufunguliwa milango. Rebecca West, katika tahakiki yake ya mwaka 1974, aliona kwamba huyu ni mwanamke wa fikira za wanaume. Lawama hiyo ina haki yake. Anayetafakari tiba hii hana haja ya kujiuliza kama ataweza kuiga sura hiyo. Yampasa ajiulize ni maisha gani ya kila siku yatakayompa utulivu.

Sisi wanafunzi wa lugha tuna la kuongeza. Anayekifasiri kitabu hiki kwa Kiswahili hatasumbuka kuchagua kati ya viwakilishi viwili, maana kiambishi a- chamchukua Morris tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mzigo utamwangukia penye majina ya ujamaa. Morris aeleza kwamba mbele ya watu yeye na Elizabeth walijitambulisha kama mawifi, na kwa watoto akawa mfano wa shangazi. Neno la Kiingereza la shangazi halisemi ni wa upande gani. Letu lasema wazi kwamba ni dada wa baba. Kwa hiyo baba hapotei. Abaki ndani ya neno. Kiswahili chafichua hapa jambo ambalo nadharia ya majaliwa yalifunika: mtu aamuapo, jamaa zake wote hutafutiwa nafasi mpya.

Nafasi hiyo kwao ilipatikana. Walitalikiana kisheria, lakini hawakuachana kimaisha, na mwaka 2008 waliandikishana upya huko Pwllheli, Wales, chini ya sheria ya muungano wa kiraia. Morris alifariki mwaka 2020. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 haihesabu tena hali kama yake kuwa maradhi ya akili. Na wako wanaochagua homoni bila upasuaji, au wasiochagua tiba yoyote, bila ya kupungukiwa na ukweli wao.

Kwa hiyo twapendekeza Conundrum isomwe, lakini isisomwe kama fatwa. Anayetafuta idhini ataipata katika sura ya kwanza. Anayetafuta njia ya kufikiri na aanzie katikati.