Nani Katolewa Pichani? Uhakiki wa Picha za Ndege wa Porini

Katika idara zetu tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Picha hatuzihakiki, ingawa zimejaa katika vitabu vya kiada na kwenye kuta za madarasa yetu. Katika makala haya mafupi ningependa kuhakiki picha ya aina moja inayopendwa sana, yaani picha ya ndege wa porini katika mazingira yake ya asili. Nitatumia vigezo vile vile tunavyowafundisha wanafunzi: fani na maudhui.

Tuanze na fani. Tumchukue furukombe, ndege mla samaki mwenye kichwa na kifua cheupe, anayeishi kando ya maziwa na mito yetu. Wazambia wengi humwita nkwazi, na yumo katika bendera yao tangu uhuru wa tarehe 24 Oktoba 1964. Picha yake maarufu humwonesha akiwa amekunjua kucha, akinyakua samaki majini, na chini yake huandikwa: "Furukombe akiwinda." Waliowahi kupanda mashua katika maziwa ya Naivasha na Baringo nchini Kenya wanajua jinsi picha nyingi za namna hiyo zinavyopatikana. Mwendesha mashua hupiga mluzi, kisha hurusha samaki aliyekwisha kufa, ambaye ametiwa kipande cha bua la funjo ili aelee. Ndege hushuka pale pale kamera ilipoelekezwa. Hiyo ni tamthilia, na mwelekezi wake yuko nje ya jukwaa.

Sina ugomvi na samaki yule, wala na kijana anayejipatia riziki kwa kumrusha. Ugomvi wangu ni na neno "akiwinda". Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za wanyama usiku huku kwetu, enzi za ukoloni wa Kijerumani, akazichapisha mwaka 1905. Yeye naye aliwafunga wanyama hai wawe chambo cha simba, tena alikuwa na bunduki. Lakini katika kitabu chake alieleza wazi kwamba alitumia chambo. Kwa upande mwingine, ndugu wawili Waingereza, Richard na Cherry Kearton, walijificha ndani ya ngozi ya ng'ombe ili wasimshtue ndege. Hao walijibadilisha wao, hawakumbadilisha ndege. Wapo leo wanaokata matawi yanayolifunika kiota ili makinda yaonekane vizuri, wakayaacha juani na machoni pa kipanga. Picha ya namna hiyo, hata ikipendeza, imeshindwa kifani, kwa kuwa imeharibu kile ilichodai kutuonesha.

Sasa maudhui. Hapa sina budi kujihakiki mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikwenda Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe wa Walunda, wakati wa sherehe ya Mutomboko inayofanyika kila mwaka mwezi Julai. Baada ya sherehe tulipanda kaskazini hadi Nchelenge, ufukweni mwa Ziwa Mweru. Ng'ambo ni Kongo, na Kiswahili huvuka maji pamoja na samaki. Alfajiri furukombe alitua juu ya mti mkavu. Mbele yake palikuwa na mtumbwi, nyavu, na chisense, samaki wadogo kama dagaa wetu, wameanikwa mchangani. Nikamwomba mvuvi mmoja asogeze mtumbwi na nyavu zake, maana nilitaka "mazingira ya asili". Akasogeza, kisha akaniuliza kwa Kiswahili cha Kongo: "Mwalimu, juu ya nini munatutosha sisi?"

Nakiri kwamba jambo la kwanza lililonijia lilikuwa kumsahihisha. Sisi tungesema "mnatutoa". Kwa Waswahili wa Katanga, kutosha ndiko kutoa. Nilipokuwa bado napanga somo langu la kitenzi, swali lake likanifikia. Kwani furukombe yule alikuwa amefuata nini pale? Alifuata samaki, kama wavuvi walivyofuata samaki. Mtu, ndege na samaki wamekaa pamoja katika ufuko ule vizazi na vizazi. Mimi ndiye niliyekuwa mgeni, nami ndiye niliyetaka kuamua nani ni wa asili na nani si wa asili. Picha nilipiga. Ni nzuri, na ni ya uongo.

Huenda msomaji akasema kwamba hili ni jambo dogo. Si dogo. Mtu akizoea kuona ziwa lisilo na wavuvi katika kila picha, ataanza kumwona mvuvi kama uchafu wa kuondolewa. Ilhali kule juu katika mabwawa ya Bangweulu, unakotoka Mto Luapula uingiao Mweru, wanavijiji ndio wanaolinda viota vya korongo nyangumi ili makinda yasiibwe. Mpigapicha anayemtoa mwanakijiji pichani amemtoa mlinzi wa ndege wake.

Ni rai yangu kwa walimu wenzangu kwamba tutumie picha hizi katika somo la utungaji, na tumdai mwanafunzi aandike maelezo kamili: ndege anaitwaje kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji, picha ilipigwa wapi, je, palikuwa na chambo, na nani au nini kimeachwa nje ya fremu. Mwanafunzi atakayezoea kuuliza hivyo atauliza hivyo hivyo mbele ya riwaya na mbele ya gazeti.

Picha yangu ya Nchelenge ninayo bado ofisini. Chini yake nimeandika kwa kalamu: "Furukombe, Ziwa Mweru. Mtumbwi wa mvuvi uliondolewa kwa ombi la mpigapicha."