Mlinganyo ni mmoja, maelezo ni mawili

Mhandisi anayebuni mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari hana haja ya kujua maji yanapenyaje kwenye utando. Maji yenye gramu 35 za chumvi kwa lita yana presha ya osmosisi inayokaribia mara 27 ya presha ya hewa. Pampu ikivuka kiwango hicho, ile ziada ndiyo inayosukuma maji safi. Programu huizidisha ziada hiyo kwa kigezo cha upitishaji kilichopimwa maabara, na jibu ni kiasi cha maji kinachopita katika kila mita ya mraba. Ukiongeza marekebisho ya joto na ya chumvi inayorundikana usoni mwa utando, unaweza kujenga.

Ubishi uko kwenye maelezo yanayoandamana na hesabu hiyo. Mwaka 1965 watafiti Lonsdale, Merten na Riley walieleza kwamba maji huyeyuka ndani ya utando, kisha molekuli moja moja husambaa kuelekea upande wenye maji haba. Kwa maelezo hayo, presha ndani ya utando haibadiliki. Kinachoshuka ni ukolezi wa maji. Wapinzani wao walisema maji hupita kwenye vitundu, presha ikishuka njiani huku ukolezi ukibaki vilevile. Maelezo yote mawili huzaa mlinganyo uleule, kwa hiyo vipimo vya mtambo, hata viwe vingi namna gani, haviwezi kumpa ushindi yeyote.

Kompyuta inaweza kuchungulia ndani. Mwaka 2023, katika jarida la Science Advances, timu ya mtafiti Menachem Elimelech ilichapisha uigaji wa utando uliojengwa atomu kwa atomu, maji yakibanwa zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Katika kazi ya aina hii kompyuta hukokotoa nguvu kati ya kila atomu na jirani zake, huzisogeza kidogo, kisha huanza tena. Hatua moja ni takribani femtosekunde moja, hivyo hatua milioni nzima huzaa nanosekunde moja tu. Ndani ya utando walikuta presha inayoshuka, si ukolezi. Maji yalisafiri kwa makundi, kupitia vitundu vinavyoungana kwa muda mfupi na kuachana.

Mimi nisingeuamini uigaji huo peke yake. Kwa kuwa muda wake ni mfupi mno, kazi za namna hii kwa kawaida hutumia presha kubwa kuliko ya pampu yoyote ili kitu kionekane. Kilichonishawishi ni jaribio la maabara waliloliambatanisha: walipitisha maji na viyeyusho vingine kwenye tando za poliamidi na za selulosi. Kasi ilifuata ukubwa wa vitundu, ukubwa wa molekuli na mnato wa kimiminika. Nadharia ya 1965 ingetaka ifuate uyeyukaji.

Mzozo haujaisha. Mwaka 2022 Hegde, Doherty na Squires walikwisha kuandika katika Science kwamba picha hizo mbili zinaweza kuunganishwa katika modeli moja. Programu ya mhandisi haitaguswa na lolote kati ya haya. Anayeguswa ni mkemia wa tando: akiamini uyeyukaji, atatafuta plastiki inayopenda maji, akiamini vitundu, atahangaika na upana wake, jinsi vinavyoungana, na msuguano wa maji kwenye kuta zake.